Hapakuwa na Mchanga Ndani ya Trekta

Faki,

Mkeo amekataa kunisamehe. Juzi nilikwenda kwake kwa mkongojo, nikipumzika kila baada ya minazi mitatu, nikamkuta barazani anachambua karafuu. Nikamwambia yote. Hakuinua uso. Makonyo, vile vijiti vyake, akayatupa huku, karafuu akazitia kule, na nilipomaliza akasema, "Haki hiyo si yangu, Mwalimu. Mwenyewe yuko kaburini kwake. Kamwambie mwenyewe."

Basi nakuandikia. Kufika makaburini siwezi. Huko kwa mkeo Bi Kazija tu kumenilaza siku mbili. Na hata kuandika kwenyewe situlii. Mistari miwili naamka, nakwenda dirishani, narudi. Binti yangu Time ananambia, "Baba, kaa basi, utaanguka." Sikai. Moyo wangu umechoka, daktari kasema, lakini miguu haijapata habari.

Sijui nianze wapi. Nianze na mwanao. Riziki ni fundi, Faki. Ana gereji Jadida, pale Wete, yeye na mwenziwe, na madereva wa kiume wazima humpigia simu wakikwama njiani. Anavaa buibui juu, suruali ya gereji chini. Spana yako ile nambari kumi na saba, uliyoifunga uzi mwekundu isiibwe, bado anayo. Na mambo hapa Ole yamebadilika. Watu wa chama chenu na wa chama chetu sasa wanaoana, wanazikana, wanagombana kwa mambo ya kawaida. Vijana hawajui kuwa hapa palikuwa na kisima cha hawa na kisima cha wale. Ukiwasimulia wanacheka. Mie sicheki.

Mwezi uliopita Riziki alinijia. "Ami," akanambia, "lile trekta la ushirika wanataka kulikata walitie kwenye chuma chakavu. Nipeni mie." Alinijia mimi kwa kuwa katika kamati nimebaki peke yangu. Wengine uko nao huko. Nikampa.

Unalikumbuka, bila shaka. Lile dogo la Kijapani, la mtumba, lililokuja na kitabu cha maandishi ambayo hata mimi na shule yangu yote sikuweza kuyasoma. Watu walinitazama mimi, nami nikakifungua kitabu nikakifunga. Wewe hukukitazama kabisa. Ulilala chini yake siku nzima, ukatoka na mafuta mpaka kwenye nyusi, ukasema, "Hili halina gia za kulisukuma. Mafuta ndiyo yanayozungusha magurudumu. Ukikanyaga mbele linakwenda, ukikanyaga nyuma linarudi. Na lina adabu zake. Kishikio cha jembe kikiwa kimewashwa, haliitiki. Usipokaa kitini, haliitiki. Lisalimieni vizuri tu." Nasi tukacheka: trekta la kusalimiwa! Lakini msimu ule bonde zima la mpunga lililimwa na kuburugwa kabla mvua haijashika, la hawa na la wale, na wewe ndiye uliyekuwa juu ya kiti.

Ukaja uchaguzi ule wa mwanzo wa vyama vingi, na baada yake kila mtu akawa anatazamwa kwa rangi ya bendera yake. Wewe ulikuwa wa upande wa wachache. Hukuficha. Ulisema, "Mie kura yangu nimempa niliyemtaka, na trekta nitaendesha kwa wote." Mimi nilikuwa wa wengi, na katibu wa ushirika, na mwalimu. Watatu hao ndani ya mtu mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na ujasiri.

Nduguyo aliugua Kengeja. Kabla ya kupanda gari ulinipa kikaratasi. Nimekiweka hapa mbele yangu, kimekaa ndani ya kamusi yangu miaka yote hii:

"Mwalimu, likigoma tazama kwanza kishikio cha jembe kiwe kimezimwa, ndipo ukae uwashe. Likigoma tena liacheni. Msilikokote wala msilisukume, litavunjika ndani. Ikiwa hapana budi, vuta kwanza kile chuma kidogo chini ya kiti. Nakuja Alkhamisi. Faki."

Nilikisoma pale pale, nikakitia mfukoni mwa kanzu. Usije ukadhani sikukisoma. Nilikisoma, nikakifahamu.

Siku ya Jumanne likagoma. Mvua imeshafika, miche ya mpunga inazeeka kitaluni, na huyo kijana wetu tuliyemkalisha kitini anabonyeza, kimya. Watu wakapandwa na hasira. Hamad Kombo, unamjua ulimi wake, akasema, "Tunamngoja ntu wa upande ule aje atulimie? Gari zote za Pemba zinasukumwa zikawaka. Hili nalo ni gari." Wote wakanigeukia. Kikaratasi kilikuwa mfukoni, nakigusa kwa kidole. Nikaona nikikitoa nitakuwa nawasomea watu wangu amri ya mtu wa upande wa pili. Nikasema, "Haya, tafuteni kamba."

Walikuja watu arobaini. Ulikuwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ambao hatujauona tangu vyama vije. Walioacha kusalimiana walishika kamba moja. Tulitaka kulitoa bondeni mpaka pale njia inapoteremka, kisha tuliachie liwake kwa mteremko kama gari. Magurudumu ya nyuma yakakataa kuzunguka. Yakaburuzwa udongoni kama ng'ombe anayekataa kuvuka mto. Nikapiga kelele, "Vuteni!" Mimi, Faki. Wakaimba, wakavuta, na magurudumu yakaanza kuzunguka polepole kwa mlio ambao sijawahi kuusikia kwenye chuma, mlio wa mtu anayeng'olewa jino. Kisha kitu kikapasuka ndani. Kutoka hapo likavutika, ingawa kwa uzito, na watu wakashangilia.

Halikuwaka tena. Na jioni ile nilipokwenda kulitazama, nilikiona kishikio cha jembe. Kilikuwa kimewashwa. Halikuwa na kasoro yoyote asubuhi ile. Lilikuwa linangoja salamu tu.

Acha nipumzike kidogo.

Sasa nifike pale. Jumatano asubuhi watu wamelizunguka, na Hamad Kombo akasema, "Au huyu Faki kalitia mchanga kwenye mafuta kabla hajaondoka? Kaona kura zimewaendea vibaya." Maneno ya mzaha, nusu na nusu. Lakini mtu mmoja akanigeukia akauliza, "Ati Mwalimu, yawezekana?"

Nikajibu, "Allahu aalam."

Basi. Hayo tu. Sikukusingizia, sikukutaja. Nilisema Mungu ndiye ajuaye zaidi, maneno ambayo hakuna wa kuyapinga. Lakini mwalimu akiulizwa jambo akajibu hivyo huku ameinamisha kichwa, watu wanajua amejibu ndiyo. Nilijua watajua hivyo. Ndiyo maana niliyasema.

Alkhamisi ulishuka garini na mfuko wa ndizi za Kengeja ulizotuletea, hakuna aliyekupokea. Dukani wakaacha kukuuzia. Ulikuwa ukipanda baiskeli mpaka Wete kutafuta mafuta ya taa na chumvi. Bi Kazija akateka maji mbali. Ulinijia mara moja tu, ukasimama mlangoni, ukaniuliza, "Mwalimu, kikaratasi changu ulikipata?" Nikasema, "Nilikipata, lakini wenzangu hawakunisikiliza." Ukanitazama. Ukasema, "Alhamdulillahi, maadamu wewe unajua." Ukaondoka. Hukurudi kuniuliza tena. Uliniachia jambo lile kama mtu anavyoacha amana kwa rafiki.

Kifua kilipokuua, nilisema nina homa. Nililala na shuka gubigubi, na jeneza lako likapita mbele ya dirisha langu hili hili. Wewe unajua jeneza linavyobebwa kwetu, mtu hapigi hatua kumi mwenzake hajampokea, kila mmoja anaiwania thawabu. Siku ile hapakuwa na wa kupokezana. Trekta lilivutwa na watu arobaini. Wewe ulibebwa na sita, na mmoja wao alikuwa mzee kuliko nilivyo leo.

Nimeamka tena. Nimerudi.

Riziki alilifungua trekta siku tatu, amelala juu ya jamvi chini yake kama ulivyokuwa ukilala. Siku ya nne akanijia na kopo la mafuta yaliyotoka ndani. Akatandika kitambaa cheupe hapa kwenye sakafu yangu, akayamimina polepole. Vikabaki vipande vya chuma, vinameta. "Ami, tazama," akasema. "Pampu imevunjwa kwa kukokotwa. Mchanga uko wapi?"

Nilitazama kile kitambaa. Na unajua nilisema nini? Mdomo wenyewe ulisema. "Allahu aalam, mwanangu."

Akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni, akaniaga kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyoniamsha kwenye kiti mpaka leo. Ndipo nikachukua mkongojo kwenda kwa mamake, na majibu yake nimeshakueleza. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa kijiji hiki kuwa haki ya mja Mola haisamehe mpaka mja mwenyewe asamehe. Bi Kazija alikuwa ananirudishia somo langu.

Hapo niliiacha barua hii. Leo ni Jumamosi, naendelea.

Jana nilimwomba Riziki asilihamishe trekta mpaka baada ya sala ya Ijumaa. Nikawaita wote walioshika kamba. Wamebaki tisa. Walikuja na bakora zao, wakidhani wanaitwa kusukuma, na wengine kweli walitaka kusukuma. Hamad Kombo akasema, "Mie nililivuta likiwa jipya, likiwa kongwe litanishinda?" Mimi nililetwa kwa bodaboda, Time akinishika mgongoni.

Nikasimama. Nikatoa kikaratasi, nikakisoma chote, mpaka jina lako. Kisha nikasema, "Hiki nilikuwa nacho mfukoni siku ile. Faki hakutia mchanga. Mimi ndiye niliyesema livutwe."

Kisha Hamad akaja karibu, akinitazama kwa jicho lake moja linaloona. "Lakini Mwalimu, si tulikuuliza?"

"Mliniuliza."

"Ukasema Mungu ndiye ajuaye."

"Nilisema."

"Basi sisi tukajua kuwa ndiyo!" Sauti ikampasuka. "Miaka yote hiyo mtu kanyimwa hata chumvi, weye unayo karatasi? Mie ndiye niliyemwambia mwenye duka asimuuzie!"

Nilitaka anipige, nadhani. Hakunipiga. Alikaa chini juu ya udongo, mzee mzima, na kanzu yake ya Ijumaa.

Riziki alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti, nikasikia kitu kidogo kikigonga. "Haya, wazee wangu," akasema, "sukumeni taratibu." Wale wanane waliobaki wakajipanga, wakakaza misuli waliyonayo, wakasema bismillahi kwa pamoja. Trekta likateleza kama kitoto kinachosukumwa bembeani. Mmoja wao alikaribia kuanguka kifudifudi, kwa kuwa alijiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Watu wakacheka. Kicheko hakikufika mbali. Kila mtu akaona kilichokuwa kinatakiwa siku ile: chuma kidogo, urefu wa kidole, kuvutwa na mkono mmoja.

Hamad aliinuka, akaja akaweka kiganja chake nyuma. Nami nikaweka changu. Tukalipeleka hivyo mpaka uwanjani kwako. Riziki kaagiza pampu Unguja. Anasema litalima masika ijayo, Mungu akipenda. Mimi sitalisikia.

Bi Kazija alitoka nje, akalizunguka trekta, akalipiga kofi moja ubavuni kama anayempokea ng'ombe aliyepotea. Kisha akanigeukia. "Ushamwambia?"

"Namwandikia."

"Akikujibu, unambie."

Nikasema, "Nitakwambia." Mwalimu mzima. Nimeahidi nisiloliweza, na yeye alijua.

Basi Faki, nakuja kulichukua jibu mwenyewe. Sina siku nyingi. Ukiniona nakuja, usinipe mgongo. Na ukinipa, nitakaa nyuma yako ningoje, kwa kuwa huko nadhani nitaweza kukaa. Hapa ninayoweza kukuahidi ni moja tu. Yeyote atakayeingia mlangoni mwangu kuanzia jana mpaka siku yangu, nitamwambia. Asubuhi hii amekuja muuguzi mpya, binti kutoka bara, kunipima presha. Nikamwambia, "Faki hakutia mchanga."

Akasema, "Sawa, babu. Nyoosha mkono."

Nikaunyoosha. Akapima, akaandika, akakunja mashine yake. Kisha akauliza, "Faki ni nani?"

Nikamwambia akae. Nikaanza na zile ndizi za Kengeja.

Mwenzio,
Shaame