Kwa Nini Naenda Temeke Kila Alhamisi

Ukonga,
Dar es Salaam.
14 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Albano,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kyela, na kwamba goti limetulia tangu mvua zikatike. Mama mdogo Atuganile hajambo? Huku mama presha inampanda na kushuka, lakini juzi amekula vizuri, tunashukuru.

Mchele mliotutumia tumeupata. Unanukia hadi kwa jirani. Asanteni sana.

Kwenye simu uliniuliza, na nilisikia watu pembeni yako wakicheka: "Bupe, hivi hao wajane wa watu wanakulipa nini? Au umekosa mume, sasa unatafuta kesi?" Sikujibu kwa sababu mama alikuwa karibu. Leo nakujibu.

Ofisi yetu ya msaada wa sheria kule Temeke ni chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Watu huja na shida za mirathi, viwanja, matunzo ya watoto. Sisi si mawakili. Tulifundishwa sheria kidogo, basi tunamwelekeza mtu mlango wa kugonga. Hatulipwi. Wala usidhani sie ni watakatifu. Mzee Mashaka, aliyekuwa karani bandarini, anasema wazi kwamba anamkimbia mkewe: "Nikishinda nyumbani ananituma kama mtoto. Bora nije hapa niwatume nyie." Hayat alinyimwa na kaka zake fungu lake katika duka la baba yao, yeye huja kwa hasira, na hasira yenyewe haijapungua. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikakosa kazi, nikatamani kukaa upande ule wa meza ambao mtu anasikilizwa.

Alhamisi hii niliinua macho nikaona aliyeketi kwenye benchi ni wifi yangu Elinaza, mjane wa kaka Isack tuliyemzika Februari. Alitoka Madale akavuka jiji zima ili aeleze shida yake mahali ambapo hakuna anayemjua. Akanikuta mimi. Alisimama aondoke. "Nisamehe, wifi, sikujua ni kwako," akasema. Yaani yeye ndiye aniombe msamaha!

Kanuni yetu ni kwamba ndugu hamshauri ndugu. Nikampisha Hayat kiti changu, nikawa natoka. Elinaza akanishika gauni, akaomba nibaki. Basi nikakaa naye kwenye benchi, upande wa wenye shida.

Hapo ndipo nilipojua kwamba umeomba mahakamani uwe msimamizi wa mirathi ya kaka. Umeeleza kuwa mjane alihudhuria kikao cha ukoo na akakubali. Tena umemwambia aondoke na mtoto shule zikifungwa, maana nyumba ya Madale ina mnunuzi. Nyumba ile! Elinaza alipandisha kilima na ndoo za maji ya zege kichwani, akiwa na mimba.

Baba mdogo, alihudhuria kikao kipi? Nyie mlikaa sebuleni. Yeye alikuwa chumbani kwenye godoro, haruhusiwi kutoka kabla matanga hayajaanuliwa, na wewe ndiye uliyesisitiza mila hiyo ifuatwe. Mimi nilikuwa naye, namnywesha uji. Tuliwasikia mkicheka na kuitisha chai. Hakuna aliyefungua mlango kumuuliza neno. Unajua huwa naandika shajara. Nimezisoma tena kurasa za siku zile, nisije nikakusingizia.

Hayat alipomaliza kumsikiliza aliuliza, "Nani alikuwa nawe chumbani?" Elinaza aliona vibaya kunitaja dhidi ya damu yangu.

"Mimi," nikasema.

Mzee Mashaka akaacha kukoroga chai. "Basi dada umepoteza mshauri, umepata shahidi."

Jana pingamizi limepelekwa mahakamani.

Uliuliza wananilipa nini. Kila Alhamisi nilisikia wanawake wakilia juu ya mashemeji zao na baba wadogo wa watoto wao, kisha nikarudi Ukonga nikimshukuru Mungu kwamba kwetu hakuna mtu wa namna hiyo. Malipo yangu yalikuwa hayo. Umeyachukua. Alhamisi ijayo nitakwenda vilevile, ila sitarudi tena na ile shukrani.

Mahakama ikikuita, fikia hapa nyumbani kama siku zote. Chumba chako nitakifagia, na maji ya kuoga nitakuchemshia kwa ajili ya goti. Asubuhi nitakuamkia, tutatoka pamoja. Tukishaingia ndani, mimi nitakaa na Elinaza.

Nisalimie mama mdogo Atuganile na mdogo wangu Stephano. Mwambie mama anamuulizia. Mungu akulinde njiani, akupe moyo wa kuusema ukweli kabla sijausema mimi.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata leo,

Bupe