Mwimbaji Asiyealikwa

Jumatatu, 12 Agosti 1996
Niko hai! Naanza na hilo kwa sababu juzi Jumamosi nilijua ndiyo basi. Tuko kanisani, mazoezi ya kwaya yangu kwa mashindano ya Kongwa, nanyanyua mkono kuwaingiza wanaume wa sauti ya tatu — kifua kikabana, jasho, giza. Nimezinduka nimetundikiwa dripu. Dokta Anyitike anasema mshipa wa moyo uliziba, akanipa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Wameipata kwenye duka jipya la dawa, Majengo. Enzi zile za foleni za sabuni ningekuwa nimeshazikwa. Nacheka peke yangu. Mgonjwa wa kitanda cha pili kajifunika shuka.

Jumanne, 13 Agosti
Nimemsumbua Dokta hadi akanichorea moyo, nyuma ya karatasi yangu ya nota. Kumbe moyo unalisha mwili mzima, lakini wenyewe unalishwa na mishipa yake, imeuzunguka kwa nje! Wa kushoto unagawanyika: mmoja unashuka mbele, mwingine unazungukia nyuma. Halafu kuna wa kulia. Nikamwambia basi ni sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akacheka, akasema aliyenyamaza kwangu ni huyo wa kulia, sauti ya tatu. Nilijua tu. Wavivu wale.

Kaonya pia. Mshipa umefunguka, ila nyama ya moyo iliyokosa damu bado ni laini wiki hii. Ndani ya moyo kuna milango, imeshikwa na nyuzi. Pumzi ikianza kukatika, niseme mara moja. Nimeitikia vizuri. Akili iko Kongwa, Jumapili. Kila mwaka tunakuwa wa pili, na mwaka huu wimbo nimetunga mwenyewe!

Jumatano, 14 Agosti
Nikodemo kaleta uji hauna chumvi, hauna sukari, hauna lolote. Kaupika mwenyewe. Mume wangu huyu, tangu tuoane hajawahi kuwasha jiko! Nimeunywa wote kwa mapenzi. Anasema Optatus, msaidizi wangu, ndiye anayeongoza mazoezi. Optatus — anakimbiza wimbo kama kafukuzwa na nyuki. Lazima niende.

Alhamisi, 15 Agosti
Tangu jana nalala nimekaa, nimeegemea mito. Nikilala chali pumzi inakuwa fupi. Muuguzi, Sista Lea, kauliza kulikoni. Nikasema napenda kuangalia nje. Kachungulia dirishani: ukuta wa stoo. Tumecheka sana.

Kesho Dokta anaamua kama naruhusiwa. Sijamwambia. Nikisema, Kongwa ndiyo imekwisha. Ni uchovu tu wa kukaa kitandani.

Ijumaa, 16 Agosti
Leo nimekuwa maarufu! Anyitike kanisikiliza kifuani, karudia. Kamwita mkubwa wake, Dokta Gaudence. Naye kainama, kafumba macho. Nikawauliza niwatoze kiingilio? Hawakucheka.

Nikaomba nisikilize na mimi. Anyitike kanivisha kifaa chake masikioni. Du-dup, du-dup, mwendo wa haraka. Na katikati ya mapigo, mahali pa kimya, kuna mtu anapuliza. Fuuu. Nikabana pumzi — bado yupo. Nimefundisha kwaya ujana wangu wote, mwimbaji asiyealikwa namjua.

Gaudence anasema mlango mmoja haufungi, damu inarudi nyuma, huenda uzi umekatika. Kama ni hivyo anataka niende Dar leo hii, wakapime, na kama ni kushona wanisafirishe nje ya nchi. Kisha akaitazama mito yangu, akauliza tangu lini silali chali.

Papo hapo honi nje. Kwaya! Wamekuja na pikapu kunichukua, wanajua naruhusiwa. Wameshuka, wanaimba wimbo wangu kwenye ukuta wa stoo. Wodi nzima inatabasamu, yule wa kitanda cha pili anapiga makofi. Nacheka huku machozi yananitoka. Naogopa. Naogopa sana.

Nilitaka kusema, tangu leo tu. Nikasema, tangu juzi.

Anyitike katoka mbio kutafuta gari. Sista Lea anafunga begi langu, na daftari hili analitaka. Nimemwambia, subiri kidogo, mwanangu. Optatus leo hakimbizi, ajabu. Wanafika pale nilipoangukia Jumamosi, pa sauti ya tatu kuingia. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeshaunyanyua