Sombe Haifunikwi

Kwa mke mwenzangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku Buyenzi tu wazima, na goti la babu yako limetulia. Unaniuliza kama uache kipindi chako cha mapishi, kwa kuwa watazamaji wanaandika kwamba hujui kupika. Mjukuu wangu, na mimi nilikuwa mtazamaji wa namna hiyo.

Nilikuwa msichana, na mtaa mzima tulitazama televisheni moja kwa fundi cherehani. Siku hiyo mpishi mwenye kofia nyeupe alipika sombe. Akafunika sufuria tangu mwanzo, na baada ya dakika kumi akasema imeiva. Chumba kizima kiliguna. Kila mama anajua majani ya muhogo huchemka wazi kwanza, sumu itoke na mvuke.

Kesho yake nikaenda kwa miguu mpaka kwenye kituo cha televisheni, nikamwambia yule mpishi, "Apana, baba. Ile sombe yako itauwa watu."

Akanitazama sana. "Basi kuja upike we, watu wakuone."

Nikapika. Sombe yangu ilichukua saa mbili na wote wakaisubiri. Mpishi alipoonja, alivua kofia yake akanivalisha mbele ya kamera. Buyenzi walinipokea kwa vigelegele kama bibi harusi, na tangu hapo hatukukosa kipindi chake hata kimoja.

Hao wanaokusema wamekutazama hadi mwisho. Mwite aliye mkali kuliko wote, aje na mwiko wake.

Kofia nimeifua. Shangazi yako anakuletea, umvalishe huyo mkali.

Bibi yako,
Mwajuma