Jamvi la Michembe

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imefika huku Tinde, marahaba. Sisi wazima, babu yako anakohoa kidogo, lakini ubishi wake haujapungua.

Unauliza kwa nini kina mama wa huku wamelikimbia banda lako la kukatia na kukaushia viazi vitamu viwe michembe, wakati unanunua viazi vyao kwa bei nzuri na kuwatafutia soko hadi Geita. Banda ni zuri, sikatai. Ila umempangia kila mama saa yake, eti asipoteze muda kumsubiri mwenzake.

Nilipoolewa hapa sikumjua mtu. Mama mkwe akanikalisha kwenye jamvi la wanawake waliokuwa wakikata viazi vya michembe. Vipande vyangu vilikuwa vinene, wakacheka mpaka machozi. “Huyu anafyatua matofali!” Nami nikacheka. Kisha wakaniuliza kama nina mbegu ya viazi. Sikuwa nayo. Mvua ilipoanza, watatu kati yao waliniletea marando ya viazi vyao, nikapanda shamba langu la kwanza.

Sasa mwanangu, futa hizo saa, utandike jamvi kubwa. Nimeshaongea na majirani. Jumatatu tunakuja wote pamoja, na visu tunavyo.

Bibi yako