Mrija wa Kwanza

Jumamosi, 1 Juni
Vidonge viwili baada ya ugali na maharage. Nimelala fofofo. Asubuhi mwili mzito na njaa ya kijinga. Nesi wa hospitali ya Nyamiaga alisema nitembee nipunguze kitambi. Nimetembea mpaka dukani, nikarudi na sigara.

Wakwe wanakuja kutoka Bugarama tarehe 15 kumposa mdogo wangu Generoza. Baba alishafariki, kwa hiyo mrija wa kwanza ni wangu. Kwetu Bukiriro mwenye nyumba huanza kunywa, wageni waone pombe haina sumu. Asipoanza, hawagusi. Na wasipogusa, posa imekufa.

Jumatatu, 3 Juni
Nesi alinionya: usichanganye dawa na pombe. Sawa, sichanganyi. Leo nimeacha dawa, ili siku ya posa mwili uwe safi. Najiona mjanja.

Alhamisi, 6 Juni
Mwepesi! Nimepalilia kahawa kabla jua halijatoka. Njaa imekatika. Mama anasema, "Mwanangu umerudi." Sigara zimeongezeka kidogo, basi.

Jumatatu, 10 Juni
Silali. Nisipolala navuta. Nikivuta sisikii njaa. Nisipokula mikono inatetemeka, na ikitetemeka navuta tena.

Uani Mama na majirani wanakamua ndizi za pombe. Walicheka. Nina hakika walinicheka mimi.

Jumatano, 12 Juni
Sauti imerudi. Ya mwanamume, nyuma ya migomba. Inasema mtungi wa pombe una sumu kweli, na mimi ndiye nitakayewapa wageni. Asubuhi najua ni uongo. Jioni sina hakika.

Mara ya mwisho nilipougua nilifyeka migomba ya jirani. Habari zilifika Bugarama. Nikiharibu tena, Generoza haolewi. Naogopa sana.

Alhamisi, 13 Juni
Generoza alinikuta nimeshika mtungi, nataka kuumwaga. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kaka, dawa unakunywa?"

Nikamweleza ujanja wangu wote. Akacheka, halafu akalia. "Nesi alikukataza pombe, kaka. Dawa hakukukataza."

Pikipiki mpaka Nyamiaga. Nilidhani nesi atafoka, hakufoka. Anasema chakula, usingizi, sigara na dawa vinavutana: ukigusa kimoja, vyote vinatikisika. Nisibadilishe chochote bila kumwambia. Vidonge nimeanza tena leo. Pombe hapana, hata funda moja.

Sasa nani ataanza?

Ijumaa, 14 Juni
Nimelala kidogo. Sauti ipo, imesogea mbali.

Nilimwomba baba mdogo aanze yeye. Amekataa. Anasema hii si nyumba yake, na mwenye nyumba akikwepa wageni watasema tunaficha kitu. Tunaficha, si ndiyo? Nilitamani kumpiga. Nikatembea mpaka mtoni, hasira ikapungua.

Jumapili, 16 Juni
Jana wageni walikaa, mtungi katikati. Baba mdogo akanipa mrija. Nikaushika, sikuupeleka mdomoni.

Nikasema, "Wazee, shikamooni. Mimi naumwa akili, ugonjwa ule mliousikia. Nakunywa dawa, na dawa hiyo haikai na pombe. Mtungi hauna sumu. Ni mimi tu siwezi."

Baba mdogo akatazama chini. Generoza alikuwa mlangoni, amefunika mdomo kwa kanga.

Ndipo Mama akainuka. Kwetu mwanamke haanzi mbele ya wakwe. Akachukua mrija mkononi mwangu, akasema, "Nimeipika mimi," akanywa. Akanywa vizuri, si kwa kuonja.

Mkwe mkubwa akamtazama muda mrefu. Kisha akaomba mrija.

Posa imepokelewa. Mchana kutwa hakuna aliyenisemesha, nikakaa peke yangu jikoni. Wakati wa kuondoka mkwe mkubwa alikuja kuniaga. Akauliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Akavuta kigoda, akawaacha wenzake wamngoje barabarani mpaka nikamaliza sahani.

Leo vidonge viwili, baada ya ndizi na maharage. Sigara bado nyingi. Usingizi unakuja.