Moshi Mweusi Wiki ya Harusi ya Neema

Jumatatu, 6 Julai 1992
Nimepeleka kuku Singida mjini, nimerudi Mtinko mchana. Pikapu bado inatoa moshi mweusi. Petroli ya kwenda na kurudi sasa inaishia njiani. Watoto wa sokoni wameipa jina: treni. Nimecheka. Binti yangu Neema hakucheka. Anaolewa Jumamosi, gauni jeupe, na amesema hapandi. Atapanda gari jipya la mjomba wa bwana harusi. Imeniuma. Pikapu hii ndiyo iliyomleta nyumbani kutoka hospitali akiwa kichanga. Mwanangu nitampeleka kanisani mimi, si mjomba wa mtu.

Jumanne, 7 Julai
Plagi zote nyeusi tii kama sufuria ya kuni. Nimezisugua. Moshi umerudi kabla sijafika kisimani. Nikashuku choki, kile kibati kinachobana hewa, labda imeganda. Haijaganda. Mke wangu amenipa sabuni ya mikono, akaenda zake.

Jumatano, 8 Julai
Fundi Saidi kaja. Kabureta imelala juu ya gunia, vipande vipande. Boya la ndani, linaloelea juu ya petroli, halivuji. Sindano inayofunga petroli imelika kidogo. Zamani tungeisugua na kuirudisha hivyo hivyo. Siku hizi spea zimejaa madukani, mtu unachagua mpaka unachanganyikiwa. Nimenunua mpya. Mwenye duka kanipongeza kwa harusi kabla sijamwambia. Habari zina miguu.

Alhamisi, 9 Julai
Sindano mpya imefungwa. Saidi kawasha. Hakuna moshi! Nikamkumbatia na grisi zake zote. Nikamwita Neema, akaja kichwa nusu kimesukwa. Saidi akarudisha eyaklina, lile bakuli la oili linalokaa juu ya kabureta na kuzuia vumbi. Nikawasha tena, kwa madaha. Moshi kama tanuri la mkaa. Neema akarudi kwa msusi. Nimepiga tairi teke. Mguu unauma.

Ijumaa, 10 Julai
Nimeamka na wazo moja. Bila bakuli hakuna moshi, likiwepo bakuli moshi upo. Basi kabureta haina kosa.

Nimelifungua. Ndani hamna oili. Kuna gundi ya kahawia, imeshikana na vumbi, wavu wake wa kuchuja hewa wote umeziba. Nikanusa kidole. Mafuta ya alizeti! Injini ilikuwa inanyimwa hewa, inabaki kulewa petroli.

Aliyeazima pikapu wakati wa mavuno ni Elia, kaka wa mke wangu. Nikamwita. Hakukana hata kidogo, alijivuna. "Shemeji, miaka ile oili haipatikani tulitia nini sisi? Si alizeti? Na hii ni ya mashine ya dada ya kukamulia, safi kabisa!"

Kweli, Mtinko nzima tulitia alizeti. Lakini tuliimwaga na kuosha kila wiki, kabla haijaganda. Yeye kaiacha humo tangu mavuno, na mimi sikufunua. Nilitaka kumfokea. Nikakumbuka kesho yeye ndiye mjomba wa bibi harusi, na shemeji hafokewi wiki ya harusi. Nikampa mafuta ya taa na brashi, aoshe wavu mpaka jua lionekane upande wa pili. Kaosha anaimba. Mtu hana haya.

Tumetia oili ya dukani, tukazunguka soko. Watoto walikimbia nyuma wakisubiri treni. Wapi! Neema akashika kitambaa cheupe nyuma ya bomba la moshi. Kikatoka karibu cheupe. "Haya baba, nitapanda."

Jumamosi, 11 Julai
Nimempeleka. Mimi mwenyewe. Gauni jeupe mpaka mlango wa kanisa. Gari la mjomba wa bwana harusi lilikuja nyuma yetu, likala vumbi letu. Nimefurahi kupita kiasi, Mungu anisamehe. Sikulia. Nililia kidogo.

Jumapili, 12 Julai
Pikapu haina kasoro. Nimefungua boneti hata hivyo. Mke wangu kaja na chai, kasimama kando yangu. Nyumba kimya bila Neema. Tumeitazama injini wote wawili, muda mrefu, wala hakuna aliyeuliza tunatafuta nini.