Namba Saba kwenye Ramani

Kwako Shangazi Rosa,

Nakuandikia wewe kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia, na hata kama ningekuwa naye nisingeweza, maana mimi ni mtu wa haya sana, tangu shule ya msingi mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua nanyamaza tu, nikishika kalamu ndipo ninaposema, na sasa ni hiyo kalamu iliyoniharibia maisha. Nina miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, naishi Migosi na mama yangu ambaye huenda Usenge kuchukua samaki na mara nyingi hukaa huko siku tatu au nne. Tangu nikiwa mdogo, siku ambazo Mama hayupo nilikula na kulala kwa jirani yetu wa ploti, mjane kutoka upande wa Bungoma, ambaye hapa nitamwita Mama Nekoye. Ni fundi wa nguo. Sare zangu zote alizishona yeye, na kila mwaka aliacha upindo mrefu chini ya sketi akisema, "Huyu bado ataongezeka."

Shangazi, Mama Nekoye hajui kusoma, na mimi peke yangu ndiye niliyejua. Nilipokuwa darasa la nne aliniambia macho yanamsumbua, nimsomee somo la kanisa la Jumapili, nikamsomea, akasema rudia, nikarudia, na mara ya tatu akalisema lote mwenyewe bila kukosa hata neno moja, ndipo nikaelewa, na yeye akaona kwamba nimeelewa. Akaniambia, "Mwanangu, hii ni yetu wawili." Basi kwa miaka minane kila Jumamosi mchana nilimsomea akiwa kwenye cherehani, na kila Jumapili alisimama mbele ya kanisa, akafungua Biblia, akaweka kidole kwenye ukurasa na kukipeleka taratibu mstari kwa mstari, na sauti yake ilikuwa inafanya hata watoto watulie. Siku moja ile Biblia ilifunguka mahali pengine kabisa, niliona kutoka benchi la mbele, na hakukosea.

Hapa mjini kuna jarida dogo la hadithi na michoro, hutoka mara mbili kwa mwaka, nakala mia moja na hamsini tu, na sisi wenyewe tunaoandika ndio tunaokunja kurasa na kuzibana pini, tukiwa tumekaa sakafuni kwenye gereji ya mhariri kule Milimani. Mhariri anaitwa Mwalimu Dishon, alistaafu zamani, na ana kanuni moja ambayo haivunji kwa mtu yeyote, kwamba kila hadithi lazima itokee mahali ambapo msomaji wa Kisumu anaweza kufika kwa miguu. Husema, "Usiniletee hadithi za London. Nataka nijue ni duka gani ulinunua chumvi." Na kwenye ukurasa wa mwisho mchoraji wetu Absalom huchora ramani ya mji na kuweka namba ya kila hadithi pale ilipotokea. Nilipapenda mahali pale kwa sababu hakuna aliyenilazimisha kuongea. Waliniita Kimya, lakini kwa upendo.

Mwaka jana niliandika juu ya Mama Nekoye. Sikuandika ili kumcheka, naapa, niliandika kwa sababu sijawahi kuona kitu kizuri kuliko kidole kile kikitembea kwenye ukurasa. Nilimpa jina lingine nikadhani jina linatosha. Mwalimu alisoma akavua miwani, akasema, "Hii ndiyo tumeingoja miaka tisa." Kisha Absalom akaniuliza, "Ni wapi hapa?" nikasema Migosi, akasema, "Migosi ni kubwa, dada. Wapi?" na mimi nikaona haya kukataa mbele ya watu wote, nikaweka kidole changu kwenye ramani, na pale kilipokuwa akaandika saba.

Toleo lilipotoka Mama Nekoye alinunua nakala tatu. Aliita ploti nzima, "Njooni muone! Mtoto wangu amechapishwa!" Halafu akafunga mlango, akaketi, akasema nimsomee. Shangazi, hapo ndipo ningeweza kuzuia kila kitu. Nilifungua ukurasa, nikaona mistari yangu mwenyewe, nikaanza kumsomea hadithi ambayo haikuwepo, ya msichana ambaye mbuzi alikula daftari lake la hesabu siku ya mtihani. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa alichokuwa anakishona.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akina mama wa chama cha kanisa walibaki kunywa chai. Mama Nekoye akampa katibu wao, Jacinta, ile nakala, akasema, "Leo macho yangu yamechoka. Wasomee. Ni ya mbuzi, mtacheka." Mimi nilikuwa mlangoni nimebeba vikombe. Jacinta akaanza kusoma kwa sauti, na baada ya muda mama mmoja akauliza, "Sasa mbuzi yuko wapi?" lakini Jacinta aliendelea, mwanamke, kanisa, kidole, Biblia iliyofunguka mahali pengine, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua. Akageuza mpaka ukurasa wa mwisho. "Namba saba," akasema. "Migosi. Mama Nekoye, hii si ni ploti yenu?" Na Mama Aloo akapiga makofi akasema, "Woi! Kumbe miaka yote tumekuwa tukisomewa na kaseti!" Wakacheka, si wote, lakini walitosha.

Mama Nekoye alilichukua jarida mkononi mwa Jacinta, akalitia ndani ya Biblia, akasema, "Ndivyo ilivyo," akatoka. Nilimfuata nyuma mpaka nyumbani bila kumkaribia. Alipofika mlangoni akageuka, akaniuliza jambo moja tu. "Uliponisomea ile ya mbuzi, ulikuwa unaangalia wapi?" Nikaangalia miguu yangu. Akafunga mlango.

Tangu siku hiyo hakurudi kanisani. Watoto wa ploti walikuwa wakipita dirishani wakiita "Kaseti!" na kulikuwa na wateja waliomletea nguo isiyo na shida yoyote, ili tu wamwekee karatasi mbele na kusema, "Mama, hebu nisomee hii kidogo." Baada ya wiki tatu alipakia cherehani kwenye mkokoteni akahama. Mlangoni kwetu aliacha sketi ya chuo aliyokuwa ananishonea, imekwisha na imepigwa pasi. Niligeuza chini nikaangalia. Haina upindo, imekatwa sawasawa na urefu wangu wa leo.

Sasa yuko Otonglo, anashona viraka kando ya barabara ambako hakuna anayemjua. Nilikwenda, nikamwona, nikajificha nyuma ya meza za nyanya kama mwizi, nikarudi nyumbani. Nimemwandikia barua ya kuomba msamaha mara nne, ya nne ndiyo nzuri, na nilikuwa nataka kumtuma mtu wa boda ampelekee. Lakini kuna jambo lingine. Lile toleo limeisha, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa sababu watu wa kanisa walilitafuta wajionee wenyewe, na Mwalimu Dishon anataka lichapwe tena Ijumaa, na kwenye jalada Absalom achore mwanamke na kidole chake. Nilipoanza kulia Mwalimu aliniambia, "Binti, hadithi isiyouma si hadithi. Tusipochapa hii tutafunga, na mji huu hautakuwa na pengine pa mtu kama wewe." Sikusema ndiyo wala hapana, na yeye amechukua kimya changu kuwa ni ndiyo.

Shangazi, sili vizuri, silali, nikiona karatasi nyeupe naiondoa mezani. Jarida lile ndilo mahali pekee nilipowahi kusikika, na Mama Nekoye ndiye mtu pekee aliyenisikia kabla yake, na yeye nimempoteza, na sasa naona nitalipoteza na jarida. Je, niache lichapwe? Je, barua yangu ya nne itatosha? Je, niache kuandika kabisa?

Ni mimi,
Kimya, Migosi

*

Kimya,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Binti yangu, hata baada ya yote haya umenitajia jina la kanisa, rangi ya mlango na shule aliyoishonea sare! Yote nimeyafuta. Wasomaji wa safu yangu, msianze kupekua: mtaa si huo, kazi ya huyo mama si hiyo, wala hayuko Otonglo, kwa hiyo waacheni mafundi wa Otonglo wafanye kazi yao. Dakika kumi tu zimenitosha kumficha mtu. Mwalimu wako wa miaka tisa alishindwa kuzipata, na wewe ulishindwa kuzidai. Na nyinyi akina mama mliocheka, mnajijua. Tangu aondoke mnasomewa na nani?

Pole, Kimya. Naisema kwa moyo wangu wote, kwa sababu najua ulimpenda, na najua hulali. Lakini sitakudanganya ili ulale. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Wewe ndiye uliyekuwa kata, mtungi ulikuamini uingie mpaka chini kabisa, nawe ukatoka na kumwaga barabarani. Kwamba ulimwaga kwa upendo hakuyarudishi maji.

Tena kosa lako kubwa silo hadithi. Mtu wa miaka kumi na minane huandika anachokipenda, na waliokuzunguka ni watu wazima waliopaswa kukuuliza, "Huyu mama amekubali?" Hakuna aliyeuliza, na hilo ni lao. Lako ni ile alasiri ya mbuzi. Mlango ulikuwa umefungwa, mko wawili, jarida liko mikononi mwako, na mtu pekee ambaye hakuweza kukukagua ndiye uliyemdanganya. Yeye alijifanya anasoma ili asidharauliwe, wewe ulijifanya unasoma ili usilaumiwe. Halafu ukabeba vikombe ukasimama mlangoni. Haya ni kitu kizuri kwa msichana, lakini ulichokifanya siku hiyo hakiitwi haya.

Sasa sikiliza. Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi nenda Milimani, simama mbele ya Mwalimu Dishon useme, "Sitaki hadithi yangu ichapwe tena." Usimwandikie. Sema. Sauti ikitetemeka iache itetemeke. Akikuambia jarida litafunga, mwambie lifunge. Nasema hivi nikijua uchungu wake, maana miji yetu haina vijarida vingi vya kuchezea, na mzee huyo amelibeba mgongoni miaka tisa. Lakini kama halina cha kulishikilia ila aibu ya mjane mmoja, basi lilikwisha kufa, mnalipiga pasi tu. Na mwambie Absalom ile ramani ni nzuri, ila kabla ya kuweka namba abishe hodi kwenye hiyo nyumba.

Halafu barua yako ya nne. Ndiyo nzuri, unasema. Kimya, mwanangu, nani atamsomea?

Hebu kaa na swali hilo kidogo. Umpe mtu wa boda? Amtafute jirani mpya? Asimame tena mbele ya mgeni na karatasi mkononi, aseme macho yamechoka? Unamwomba msamaha kwa kitu kile kile ulichomuumizia. Chana zote nne.

Utaenda mwenyewe, mchana, kwa miguu yako. Usiende na mama yako, wala na jarida, wala na zawadi. Usijifiche nyuma ya nyanya za watu. Usianze kwa kulia, maana atalazimika kukubembeleza, na hiyo si kazi yake tena. Usimweleze jinsi ulivyompenda ulipokuwa ukiandika. Mwambie mambo mawili basi: kwamba ulitoa kisichokuwa chako, na kwamba siku ya mbuzi ulimdanganya.

Anaweza asikujibu. Anaweza kuendelea kukanyaga cherehani kana kwamba wewe ni vumbi la barabara. Ukiniuliza mimi, nadhani hatakusamehe siku hiyo, na huenda asikusamehe kamwe. Kanisani hatarudi, na ile sketi haitaota upindo. Kuna vitu mtu akivivunja hubaki vimevunjika, naye huishi navyo, huamka na kuoga na kwenda kazini. Nenda hata hivyo. Akikufukuza, ondoka bila kubishana, na baada ya wiki moja rudi. Akikufukuza tena, mwache.

Umeniuliza kama uache kuandika. Hilo ni swali juu yako, na barua yako haikuwa juu yako. Sitalijibu leo.

Ila akikuuliza tena ulikuwa unaangalia wapi, mjibu. Jibu unalo tangu siku ile: ulikuwa unaangalia ukurasa wenye yeye, ukamsomea usio na yeye. Liseme kwa ukamilifu, polepole, bila kupunguza. Mama huyo hahitaji kurudiwa mara nyingi. Neno likishaingia masikioni mwake hukaa humo kama lilivyosemwa, na safari hii hakutakuwa na ukurasa wa kufuta.

Shangazi Rosa